Nilisema Nilikuwa Nimetoka Kuchota Maji

Siku ile uani kwa baba mdogo tulikuwa watu tisa. Alikuwepo baba mdogo Wandera mwenyewe, anayemfuata marehemu baba yetu kwa kuzaliwa. Alikuwepo Mzee Okumu, mkubwa wa ukoo, na Mzee Egesa ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, kila neno lazima arudiwe. Shangazi Taaka alikaa kwenye mkeka karibu na ukuta wa jiko. Ndugu yangu Barasa, wa miaka kumi na mbili, alisimama nyuma ya wazee kwa kuwa ndiye mtoto wa kiume wa kwanza wa baba yetu. Wadogo zetu wawili, Ajambo na Wabwire, nilikuwa nao mimi, mmoja nimempakata, mwingine ameshika gauni langu. Mimi ni Nafula, na nilikuwa na miaka kumi na saba. Wa tisa alikuwa Fundi.

Mke wa Fundi hakuwa katika hesabu hiyo. Alikuwa amelazwa ndani ya nyumba yao, hatua kama mia mbili kutoka pale, amefunikwa shuka. Alikuwa amefariki asubuhi ya siku hiyo, na Fundi alikuja kuuliza jambo moja tu: aruhusiwe kumzika katika ardhi waliyokaa miaka kumi na mitano. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu. Nitalieleza, ila kwanza nataka mumjue yeye.

Tulimwita Fundi kwa sababu alichimba visima. Jina lake alilopewa na wazazi alikuwa nalo, na mimi nalijua, lakini sijioni kama nina haki ya kuliandika. Alitoka upande wa Kigoma. Zaidi ya hapo hatukujua, maana ukimuuliza habari za kwao kila mara alikuja na jibu jipya. Leo baba yake alikuwa mwindaji wa nyati, kesho alikuwa mpishi wa Wajerumani, keshokutwa alikuwa chifu aliyefukuzwa kwa kupenda ngoma. Tukimwambia, "Fundi, juzi ulisema mpishi," alijibu bila kupepesa macho, "Mtu hawezi kupika akawa chifu? Ninyi mnataka baba yangu awe na kazi moja kama punda?"

Alikuja kufuata kazi ya reli, reli ikamshinda, akashuka Tororo, akaoa huko msichana wa Kipadhola, kisha wakaja wote wawili Dabani. Baba yangu alitaka kisima. Fundi akachimba, maji yakatoka matamu, na baba akamwambia akae.

Kukaa kwa namna ile kuna jina kwetu. Mtu anaitwa omumenya, mgeni aliyepokewa kwenye ardhi ya mwingine. Atajenga, atalima, atafuga mbuzi wake, na hakuna wa kumsumbua. Mambo mawili tu amekatazwa: asipande mti wa kudumu, na asizike maiti. Nyumba ya udongo mvua huibomoa, na shamba la mihogo ukiling'oa limekwisha. Lakini mti na kaburi hubaki mahali pamoja, na baada ya muda huanza kusema pale ni kwa nani.

Fundi aliishika sheria hiyo kuliko sisi wenyewe. Alipenda malimau, akanywa chai yake na limau hata sukari ikiwepo, basi akapanda mlimau ndani ya debe la mafuta ya taa. Ukawa mkubwa, mizizi ikatoboa kutu, akatafuta debe jingine. Watu waliopita njiani walicheka. "Fundi, mti wako unasafiri lini?" Naye alisema, "Mti wangu una adabu. Haukai chini kabla ya kukaribishwa."

Katika kazi alikuwa mtu mwingine kabisa. Hapo hakuwa na mzaha. Kabla ya kushuka alitanguliza taa ya kandili kwa kamba, akaitazama mpaka imefika chini. Taa ikififia, hashuki siku hiyo, hata kama mwenye kisima anapiga kelele kwamba siku zinapotea. Akiwa chini aliimba. Hakuwa na sauti nzuri, na nyimbo zake zilikuwa za kwao, hatukuzielewa, lakini walio juu walijua kwamba akiimba yuko salama, na akinyamaza wavute. Tena hakukubali kamba yake ishikwe na mtu waliyegombana naye. Mara moja, upande wa Masaba, alikataa kazi nzuri kwa sababu kijana aliyewekwa kwenye kamba alikuwa amemtukana mke wa Fundi sokoni. "Sijamkasirikia," alisema. "Lakini mimi nitakuwa chini na yeye atakuwa juu. Hapo si mahali pa kujua kama amenisamehe."

Kwa hiyo, miaka ya mwanzo, mwenye kushika kamba alikuwa mke wake. Wanaume wa kwetu hawakupenda. Walisema mwanamke akisimama juu ya shimo maji hukimbia. Fundi aliwaambia maji ya Dabani basi yana haya sana, kwa sababu ya Kigoma huchotwa na wanawake tangu dunia iumbwe na hayajakimbia. Mama yule alikuwa mrefu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alizungusha kamba kiunoni, akaweka mguu mmoja kwenye jiwe, akasimama hivyo saa nzima bila kutikisika. Nikiwa mdogo nilidhani ndoa ndiyo hiyo, mmoja anaimba chini, mwingine juu amekaza kiuno.

Kisha akaanza kuugua moyo. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi. Kila mwezi Fundi alimpeleka hospitali ya Tororo kwa baiskeli. Alimtengenezea mto wa sufi juu ya keria, akamfunga mgongoni kwake kwa kanga asije akasinzia akaanguka. Penye kilima alishuka akasukuma. Barasa alipata kumsindikiza siku moja, akasema kwamba Fundi hakuacha kuzungumza njia nzima: ule mwamba wa Tororo unauona, mama? Sasa ni kama ngumi. Ukiwa kama kichwa cha ng'ombe tutapumzika. Ukiwa kama nyumba, tumefika.

Nyumbani ndiye aliyepika. Jambo hili lilizungumzwa Dabani nzima. Siku moja wanawake waliokuwa kisimani walimwona amepiga magoti anapuliza moto, moshi umemjaa machoni, mmoja akamwita: "Wewe Fundi! Mama amekuoa lini, sisi hatukuitwa kula pilau?"

"Alinioa kimyakimya," akajibu. "Mahari ilikuwa ndogo, nilikuwa nimechakaa."

"Na leo unampikia nini?"

"Kuku."

"Mwongo! Tunasikia harufu ya kunde."

"Basi kuku alipita hapa akaziona kunde, akakata tamaa."

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Lakini usije ukasema chakula chake kina chumvi nyingi. Hapo aliweza kununa siku tatu. Mambo makubwa aliyaachilia, wizi, masengenyo, kusukumwa kwenye foleni ya pamba. Chumvi hakusamehe. Na mtu huyu aliyeshuka futi sitini ndani ya ardhi bila woga aliogopa radi kama mtoto. Ikipiga, alijificha nyuma ya mlango, na mke wake alikuwa akimwambia kwa upole, "Toka, baba, imekwenda Kenya."

Miaka kumi na miwili walikaa bila mtoto. Wazee walimshauri aongeze mke. Aliwasikiliza wote, akawapa chai, kisha akasema, "Kisima kikichelewa kutoa maji hakifukiwi. Unashuka zaidi." Wazee walicheka kwa aibu na hawakurudi na habari hiyo. Mwishoni akazaliwa Athieno. Siku hiyo Fundi alipita nyumba kwa nyumba akitangaza, na kwa Mzee Egesa alitangaza mara nne.

Mimi nina deni lake jingine, la masomo. Mama yetu alipofariki kwa kumzaa Wabwire nilitolewa shule darasa la tano nikalee wenzangu. Fundi hakusema pole. Alikuja na kipande cha mkaa, akaanza kuniandikia maneno kwenye matofali ya kisima kila nilipokwenda kuteka. Kiswahili chetu cha mpakani kilimuuma. Nikisema "maji iko," alitikisa kichwa. "Maji yapo, binti. Maji ni mengi, uyaheshimu." Niliyafuta maneno kwa maji yaliyomwagika, naye aliandika mengine kesho yake. Haya mnayosoma yalianzia kwenye matofali hayo.

Kisha baba akaugua. Nilimlisha mimi, uji kwa kijiko, wiki saba. Siku mbili kabla ya kufa aliniambia niite Fundi. Fundi akaja, akakaa kwenye kigoda, na mimi nilikuwa pale pale ukingoni mwa kitanda na bakuli mkononi. Baba alisema polepole, lakini alisema vizuri. "Kutoka kisimani mpaka kwenye kichuguu, si pa kukaa tena. Ni pako. Kautoe ule mti wako kwenye debe." Fundi aliinama akaweka paji la uso kwenye mkono wa baba. Baada ya arobaini aliupanda mlimau chini, na baba mdogo aliuona, akapita bila kusema kitu.

Miezi miwili baadaye mke wa Fundi alifariki.

Kwetu kuna desturi kwamba aliye wa mwisho kumlisha mgonjwa ndiye hubeba maneno yake. Ukoo lazima umuulize, hata awe mtoto, hata awe wa kike. Kwa hiyo baba mdogo alijua nitaulizwa. Alikuja jikoni kwangu wakati Fundi bado anamwosha mke wake. Alichuchumaa, akachukua kijiti, akachora mstari kwenye majivu.

"Nafula, mko wangapi?"

"Wanne."

"Wanne. Shamba ya baba yenu ikikatwa hapa kwa kisima, Barasa ataoa alale wapi? Juu ya mti ya Fundi?" Akacheka kidogo. "Mgeni akipanda mti leo, kesho anapanda maiti. Keshokutwa wajukuu wake wanakuuliza wewe unatoka wapi."

"Baba alisema..."

"Mimi sijakuuliza baba alisema nini. Mimi ndiye nitawalea. Lakini siwezi lea watoto na shamba imetoboka." Alisimama, akafuta mstari kwa kidole cha mguu. "Tena sijakuambia useme uongo. Nimekuambia tu ukumbuke vizuri."

Niliwatazama wadogo zangu. Wabwire alikuwa anakula majivu. Nataka kusema kwamba niliogopa, na ni kweli, lakini si ukweli wote. Niliona pia kwamba ardhi ile ni nzuri, na kwamba ina maji.

Basi uani, Mzee Okumu aliuliza, na Fundi akaeleza aliyoambiwa na baba. Alieleza kwa maneno matatu manne, kama mtu asiye na shaka. Alipomaliza akasema, "Muulizeni binti. Alikuwepo."

Mzee Okumu akanigeukia. "Nafula, wewe ndiye uliyemlisha. Ndugu yetu alisema nini juu ya mtu huyu?"

"Sikusikia," nikasema.

"Anasema nini?" akauliza Mzee Egesa.

"Anasema hakusikia!" Shangazi Taaka akamrudia kwa sauti kubwa, hivyo neno langu likasemwa mara mbili.

Mzee Okumu hakuridhika. "Hukusikia, au hakusema?"

"Nilikuwa nimetoka kuchota maji."

Fundi aliniangalia. Sikuona hasira. Aliniangalia jinsi alivyokuwa akiangalia taa ikishuka kwenye shimo, akisubiri kuona kama itazimika. Angeweza kusema: bakuli la uji lilikuwa mkononi mwake. Angeweza kuapa. Wazee walikuwa wakimngoja. Akasema, "Basi alikuwa ametoka. Mimi ndiye nimesahau."

Akasimama, akajipangusa vumbi, akawaomba radhi kwa kuwasumbua.

Ndugu za mke wake hawakuweza kumpokea marehemu, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa hazikwi kwa baba yake. Alipandishwa lori la pamba lililokuwa likienda Tororo, Fundi amekaa nyuma juu ya marobota, amemshika ili asiyumbe kwenye mashimo ya barabara. Alizikwa kwenye makaburi ya mji, wanakozikwa wasio na watu. Sikwenda. Nilisema Wabwire ana homa. Hakuwa na homa. Wiki ile ile Fundi akamchukua Athieno, mwenye miaka mitatu, akahamia Tororo, na baba mdogo akaukata mlimau kwa panga.

Ningependa kusema kwamba habari iliishia hapo. Baada ya miaka miwili Fundi alinikuta soko la Busia, upande wetu, nikiuza karanga. Aliniuliza habari za kila mmoja kwa jina. Aliposikia Barasa amepata nafasi ya shule Tororo lakini hana pa kulala, akasema, "Kwangu kuna mkeka." Nilikubali. Niliinamisha kichwa nikakubali. Barasa alikaa chumbani kwa Fundi miaka mitatu, akala chakula chake, akafuliwa sare na Athieno ambaye alilazimika kusimama juu ya tofali kuifikia kamba ya nguo. Fundi alichimba vyoo vya watu mjini, visima vilikuwa vimepungua. Kila Jumapili alikwenda makaburini akapalilia kaburi la mke wake, na Barasa alimsaidia.

Mwaka jana Barasa alitaka kuoa. Akaanza kukata nguzo za nyumba, na mahali alipopachagua ni pale, kati ya kisima na kichuguu. Baba mdogo alikuwa ameshakufa. Nilimwita Barasa jioni moja, kabla hajasimamisha nguzo ya kwanza, nikamwambia kila kitu. Bakuli, maneno ya baba, majivu.

Alichomeka panga lake ardhini. Kisha akasema, "Nampenda yule mzee, dada. Usinifundishe kumpenda. Mimi ndiye nililala kwenye mkeka wake."

"Basi mrudishie."

"Uliulizwa mbele ya ukoo. Ukasema hukusikia. Nimekua nikijua hivyo, mchumba wangu ameonyeshwa shamba hivyo, wazee wamenipa hivyo. Masikio yako yamezibuka leo, siku zote yalikuwa wapi?"

"Nilisema vile kwa ajili yenu."

"Najua," alisema Barasa, akashika panga lake. "Na sisi tumekula."

Alichimba shimo la nguzo kesho yake.

Nilikwenda Tororo mikono mitupu, isipokuwa kuku mmoja na karanga. Nilimkuta Fundi ameketi nje ya chumba chake, amekonda, kifua kinapiga filimbi. Vumbi la mashimo limemwingia. Alifurahi kuniona mpaka nikataka kurudi stendi. Alimwita Athieno achemshe maji, akamlaumu kuku kwa kuwa mwembamba, akaniuliza kama bado nasema "maji iko."

Athieno alipoingia ndani nikamwambia, "Fundi, nilisikia."

"Najua. Bakuli lilikuwa la bluu, limemenyeka ukingoni."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Alikohoa kwanza. "Ningewaambia, ungekuwa mwongo mbele ya ukoo wako, na wewe ndiye uliyekuwa umewashika wale watoto. Mimi nilikuwa na mtu mmoja aliyekufa. Wewe ulikuwa na watatu wanaotaka kula."

"Nimemwambia Barasa. Amekataa."

"Umemwambia?" Aligeuka kunitazama vizuri, nikaona amefurahi, na furaha ile ilinichoma kuliko kama angenifukuza. "Barasa ni mtoto mzuri. Mwache ajenge. Mimi kwangu ni hapo," akaonyesha kwa kidevu upande wa makaburi. "Nimeshapazoea. Mama naye amepazoea."

"Nikulipe nini?"

"Mimi? Kula, chai inapoa."

Tulikula. Alisema chumvi ni nyingi, akamlaumu Athieno, Athieno akamjibu kwamba baba mwenyewe ndiye aliyeitia. Niliposimama kuondoka, Fundi alikuwa amesinzia kwenye kiti, na msichana akanisindikiza mpaka barabarani. Sasa ana karibu miaka kumi, ni mrefu kwa umri wake, kama mama yake. Alibeba kikapu changu kitupu.

"Dada Nafula," alisema, "baba anasema nilizaliwa kwenu."

"Ndiyo."

"Anasema kitovu changu kimezikwa huko. Nyuma ya nyumba yetu. Wewe unapajua?"

Nilipajua. Nilikuwepo mkunga alipochimba, nilikuwa nimeshika taa. Ni pale ambapo Barasa ameweka mlango wake wa nyuma.

"Napajua," nikasema.

"Utanipeleka nikapaone?"

"Nitakupeleka."

"Lini?"

Gari lilikuwa linakuja, na utingo alikuwa ameshaanza kuita watu wa Busia. Nikamwambia baada ya mavuno ya mtama. Alinishikisha kikapu changu, akarudi akikimbia kumwambia baba yake.

Mtama umevunwa, na wimbi pia. Sijampeleka.